Saa Tatu ya Jana

Mwanamke mmoja wa Jang'ombe alikwenda kujifungua saa mbili asubuhi, kwa miguu yake, anacheka, na adhuhuri haijaadhiniwa kishapasuliwa, kwa sababu daktari alikuwa na harusi Makunduchi na hakutaka kuikosa biriani.

Hivyo ndivyo nilivyohadithiwa na Bi Saadiya, jirani yangu wa ukuta mmoja. Mimba yangu ilikuwa ya miezi saba, ya kwanza, baada ya miaka minne ya kuolewa na ya kuulizwa kila Idi, "Bado tu?" Nilikuwa kwenye cherehani nashona sare za skuli. Yeye alisimama mlangoni na bakuli la urojo mkononi, anakula huku anazungumza, kwa hiyo habari ilinifikia kwa vipande, baina ya kijiko na kijiko.

"Jina lake nani?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Huyo aliyepasuliwa."

"Jina sikuambiwa. Lakini mwanamke mwenyewe yupo."

"Anakaa wapi?"

"Si nshakwambia, Jang'ombe. Unataka nikuletee na kitambulisho chake?"

Jang'ombe ndiko tunakokaa. Nyumba zimebanana hivi kwamba mtu akipiga chafya huku, anaombewa dua kule. Mwanamke aliyepasuliwa kwa ajili ya biriani angekuwa kashajulikana mpaka jina la bibi yake. Mtu mwenye akili angelijua hilo palepale. Mimi nikashona mkono wa shati juu ya mfuko.

Bi Saadiya akalamba kijiko. "Na kitu kimoja nikuusie, kwa sababu nakupenda. Chupa ikipasuka, wakikuuliza imepasuka lini, usiwape siku. Wakisikia jana tu, hawakuulizi la pili. Kisu."

Chupa, kwa wanaume watakaosoma hapa, ni ule mfuko wa maji anaokaa ndani yake mtoto. Ukipasuka, maji hutoka. Nalieleza mapema kwa sababu mume wangu alikuwa halijui, na mtaona lililonipata.

Nisiseme kwamba sikufundishwa. Kliniki nilikwenda mara zote nilizopangiwa. Niliwekewa kile chombo tumboni nikasikia moyo wa mwanangu unakwenda kama cherehani yangu ikiwa imetiwa mafuta vizuri, na nikalia mpaka nikapewa karatasi ya kujifutia. Na kila mara niliambiwa, "Maji yakitoka, njoo, hata kama huna uchungu. Usingoje." Nikaitika "naam" kama mtoto wa chuo cha Kurani, na moyoni naiona harusi ya Makunduchi, daktari anatazama saa yake.

Basi mimba ilipotimia miezi yake, siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, nikainuka kwenye cherehani kuchukua mkasi, chupa ikapasuka.

Hakuna kilichouma. Nilisimama nikitazama sakafu kama mtu aliyemwaga chai ya mgeni. Mama mkwe wangu, Bi Sichana, ambaye alikuja wiki moja kabla kutoka Makunduchi kunisubiria, alikuwa jikoni anakaanga samaki na hakusikia kitu. Nikafuta. Nikabadilisha kanga. Kisha nikakaa kitandani nikapiga hesabu.

Kwetu uchungu haupigiwi mbiu. Nimekua nikisikia kwamba kila mtu anayejua kuwa umeanza, anakuongezea saa moja ya maumivu. Sijui nani aliyewahi kukaa na saa mkononi akapima, lakini mimi niliamini. Nikajumlisha: mume, saa moja. Mama mkwe, saa moja. Bi Saadiya, kwa kuwa yeye ni redio, siku mbili. Nikaona wa kumvumilia ni mume peke yake, maana mtu lazima awe na mtu wa kumletea gari wakati ukifika.

Mume wangu, Mahfoudh, ni fundi wa vigae. Siku zile alikuwa anatandika sakafu za nyumba mpya kule Fumba. Nikampigia simu nikiwa nimejifunika shuka, ili sauti isipite ukutani kwa Bi Saadiya.

"Mahfoudh."

"Naam."

"Chupa imepasuka."

Nikasikia mashine ya kukatia vigae inalia nyuma yake, kisha ikanyamaza.

"Ipi? Ile nyekundu?"

Nikasema moyoni, alhamdulillahi, nimeolewa na mwanamume mwenye akili. Anazungumza kwa mafumbo ili wenziwe wasitambue.

"Hiyohiyo," nikamjibu.

"Imepasuka vipi?"

"Yenyewe tu. Nimeinuka, ikapasuka."

"Umeungua?"

Hili fumbo lilinipita kidogo, lakini nikaona kuungua ndiyo uchungu.

"Bado. Sijaungua hata kidogo."

"Basi usitie wasiwasi. Kaa mbali nayo tu. Nikitoka kazini ntapita Darajani."

Darajani kuna soko na gari za kukodi, nikajua anakwenda kutafuta gari. Nikamshukuru Mungu kwa mara ya pili siku ile, na mara zote mbili nilimshukuru kwa kitu ambacho hakuwa amenipa.

Alasiri Mahfoudh akaingia na boksi chini ya kwapa. Akaliweka mezani, akalifungua taratibu, akatoa chupa ya chai. Ya lita mbili, ina maua ya waridi.

"Nimekuletea madhubuti," akasema. "Ile nyekundu ilikuwa ya kichina. Vigae vyake umevitupa wapi? Usije ukajikata. Mie fundi wa vigae, navijua."

Hapa ndipo mke mwingine angefungua kinywa. Nami nilikifungua, kisha nikakumbuka hesabu yangu. Mume hajui. Kumbe tangu asubuhi nimeshaokoa saa moja. Nikakifunga.

"Nshavitupa," nikasema.

Na kwa kuwa uwongo ni kama mtoto mchanga, hautaki kulala peke yake, ikabidi niende jikoni, niichukue ile chupa nyekundu, nzima kabisa, ina chai ya asubuhi ndani, nikaifiche uvunguni nyuma ya boksi la vitambaa. Kuinama pale na tumbo lile nilijua mwenyewe. Nilitoka na vumbi kichwani, maji yanashuka miguuni, na mume wangu yupo ukumbini anaisifu chupa yake mpya jinsi inavyofunga.

Ile chupa mpya niliizindua mimi. Nilikuwa nimesikia kuwa mdalasini unaharakisha. Nikachemsha mdalasini wa kutosha harusi nzima, nikautia humo, nikawa nakunywa kikombe kwa kikombe. Niliona nina mpango mzuri: uchungu uje wenyewe, mkali, nifike hospitali kichwa cha mtoto kiko mlangoni, daktari akose nafasi ya kupasua. Uchungu ulikuja kidogo, ukakaa, ukaondoka. Kilichobaki ni tumbo la kuendesha.

Bi Sichana alipita akanusa. "Mdalasini wote huu wa nini, mwanangu?"

"Mafua, mama."

"Mafua," akasema. Hakuongeza neno. Yeye akiongeza neno ni Kimakunduchi, na mimi wa mjini naambulia nusu.

Alhamisi asubuhi maji yalikuwa bado yanatoka, na hayakuwa na rangi ile ya jana. Yalikuwa na ukijani, na harufu ambayo nilijiambia ni ya sabuni. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mtoto wa paka akikohoa nataka apelekwe hospitali. Nikiona uzi mmoja umetokeza kwenye sare, nafumua mshono mzima. Siku zote naogopa kila kitu, na siku hiyo moja iliyotakiwa niogope, nilikuwa na ujasiri wa askari.

Nilifua kanga zangu, nikazianika uani. Nimeficha chupa nzima uvunguni, nimeficha uchungu, nimeficha siku, kisha ushahidi wote nikautundika kwenye kamba, kila mtu auone.

Bi Sichana alitoka kupiga mswaki, akasimama mbele ya kamba. Akahesabu kwa kidole.

"Kanga sita," akasema. "Za mtu mmoja, za siku moja."

Nikajifanya namwaga maji ya beseni.

"Zuleikha. Njoo hapa. Maji yametoka lini?"

"Mama, naogopa watanipasua."

"Sijakuuliza unaogopa nini."

"Jana."

Nilidhani atapiga kelele. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, akaushika mswaki kwa mikono miwili.

"Mie nimezaa saba," akasema. "Unawajua watano. Hukuwahi kuniuliza wale wawili wako wapi, na mie sikuwahi kukwambia. Wote wawili niliwangojea nyumbani." Kisha akainuka. "Vaa buibui."

Nikavaa. Gari ya kukodi ilikuja kabla sijapata kiatu cha pili. Bi Saadiya alitoka mlangoni kwake na kusema, "Mnakwenda wapi na mizigo?" na mama mkwe akamjibu, "Tunahama."

Tulifika hospitali saa tano. Bi Sichana alizuiwa langoni pamoja na mkoba mmoja, maana wodini haingii ila mzazi. Mzazi ndivyo wanavyomwita kila anayekwenda kuzaa, hata mimi ambaye nilikuwa sijazaa kitu. Muuguzi wa mapokezi alinitazama na mabegi mawili, beseni, na chupa ya maua ya waridi, akaniuliza, "Umekuja kuzaa au kupanga?" Wenzangu kwenye benchi wakacheka. Leo nacheka na mimi. Siku ile niliona kisu kinanolewa.

Kitanda nilikikuta kina mwenyewe. Tukalala wawili, kichwa changu kwenye miguu yake, na kila uchungu ukimshika ananipiga teke la bega na kuniomba radhi. Akaja mkunga anaitwa Faiza, mwembamba, ana kalamu mbili kwenye mtandio na sauti ya mtu aliyekwisha kuzungumza sana siku hiyo. Akanipima. Akaandika kwenye karatasi yake.

"Njia imefunguka sentimita tatu. Chupa imepasuka?"

"Imepasuka."

"Saa ngapi?"

Wallahi sikuupanga uwongo. Ulimi ulijipangia wenyewe. Aliniuliza saa, hakuniuliza siku.

"Saa tatu," nikasema.

Akatazama saa ya ukutani. Saa tano na robo. Akaandika.

"Saa mbili tu zilizopita. Bado mapema, na mtoto wa kwanza huchukua wakati. Tembea kidogo kwenye korido, kunywa maji. Tutakupima tena baada ya saa nne."

Niliona raha ya mwizi aliyepita mbele ya polisi na kusalimiwa. Sikusema uwongo. Ilikuwa saa tatu kweli. Nimepunguza neno moja tu, na neno lenyewe dogo, herufi nne. Nikatembea korido nimejishika kiuno, najiona mjanja kuliko hospitali nzima.

Ujanja wangu ulidumu kama saa moja. Kisha baridi ikanishika. Zanzibar, mwezi wa pili, saa sita mchana, mimi natetemeka meno yanagongana. Nikarudi kitandani. Yule mwenzangu akanigusa mguu, akavuta mkono. "Dada, wewe unawaka." Akamwita Faiza, mimi sijamtuma.

Faiza akanitia kipima joto. Akakisoma. Akachukua kile chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto, akaniwekea tumboni, akautafuta, akaupata.

Ninashona tangu nina miaka kumi na sita. Cherehani inayokwenda sawa ninaijua, na ninayoijua zaidi ni ile iliyoachiwa ikakimbia, mguu umekwama kwenye pedali. Ikienda vile, huwezi hata kuhesabu mishono, na unajua uzi utakatika, hujui tu ni inchi gani. Moyo wa mwanangu ulikuwa unakwenda vile.

Faiza alitazama karatasi yake, akanitazama mimi. "Homa hii haiendani na saa hizi," akasema, kama anazungumza na karatasi. "Saa tatu, umesema?"

Kisu nilikiona. Harusi niliiona, na biriani, na daktari anatazama saa. Na sauti ile ikawa inakimbia baina yetu, haingoji nimalize kuogopa.

"Ya jana," nikasema.

"Nini ya jana?"

"Saa tatu. Ya jana. Asubuhi."

Nilingoja matusi. Ningeyapokea, yalikuwa yangu. Faiza alikata ile "3" kwenye karatasi kwa msitari mmoja, akaandika upya, na mkono wake mwengine ukawa tayari unavuta kigari cha sindano. "Maji yana rangi gani?" "Kijani." "Yananuka?" "Ndiyo." "Umekunywa kitu?" "Mdalasini." "Kiasi gani?" Nikamwonesha ile chupa ya lita mbili kwa kidole. Akaitazama na maua yake. Hilo peke yake ndilo lililomfanya afumbe macho kidogo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Dripu, dawa, damu ya kupima. Daktari akaja, msichana mdogo, pengine mdogo kwangu, viatu vya mpira miguuni. Akaniambia kwa maneno mepesi: mfuko umeingia maradhi, mtoto anachoka, njia bado ni ile tatu, akingojewa azaliwe mwenyewe huenda asiwahi. Akanipa karatasi. Nikauliza kama asaini mume wangu.

"Tumbo la nani?" akauliza Faiza. "Unasoma?"

"Nasoma. Darasa la saba."

"Basi soma, utie saini."

Nikaisoma yote, neno kwa neno, na kidole chini ya msitari. Hakuna aliyenikatiza. Nikatia saini.

Kwenye chumba cha upasuaji, baada ya sindano ya mgongo, miguu yangu imekuwa ya mtu mwengine, nikauliza kwa sababu nilikuwa siwezi tena kujizuia.

"Dokta, leo una harusi?"

"Harusi ya wapi?"

"Makunduchi."

Akanitazama juu ya barakoa. "Sijaalikwa. Wewe umealikwa?"

"Hapana."

"Basi tuko sawa. Tulia."

Saa saba na dakika kumi walimtoa. Najua kwa sababu mtu aliitaja saa kwa sauti. Kisha chumba kikanyamaza, na mtoto akanyamaza. Nilikuwa nimelala naangalia taa na nikahesabu, kama ninavyohesabu mishono ya pindo. Moja. Mbili. Walikuwa wanamshughulikia pembeni, nasikia viatu vyao. Kumi na tisa. Ishirini. Kila namba nilikuwa nairudisha kwa ile siku niliyoiiba. Nilikuwa nimekaa na saa ishirini na sita nyumbani, nazitumia kuchemsha mdalasini, na mwanangu sasa anadaiwa pumzi moja. Nilipofika arubaini na tatu akalia. Kilio chenyewe cha paka aliyebanwa na mlango, lakini nikakitambua, ni cha kwetu.

Hawakunipa nimshike. Walinionesha uso, wakampeleka chumba cha watoto wachanga, akakaa huko siku saba anadungwa sindano mkononi, mkono wenyewe mdogo kama kijiti. Siku mbili za mwanzo hakuna aliyeniambia atapona. Walisema, "Tunamtazama." Nilikuwa nakwenda kila baada ya saa tatu kumkamulia maziwa, nimejikunja kama ndoano, nashika ukuta.

Siku ya tatu Faiza alinikuta koridoni. Nikamwomba radhi.

"Ulinidanganya," akasema. "Lakini na mie nna langu. Siku ile tulikuwa wawili, wazazi kumi na mmoja. Ulisema saa tatu, nikaandika saa tatu, sikukuuliza ya siku gani. Siku hizi nauliza, 'ya leo au ya jana?' Wananiona mjinga."

"Na ningekuja jana ile ile, mngenipasua?"

"Pengine ungepewa dawa tu, ukangojewa, ukazaa mwenyewe. Pengine tungekupasua. Sijui, na usimwamini atakayekwambia anajua. Lakini mtoto asingekuwa kule."

Mahfoudh alipopata habari zote, pamoja na maana ya chupa, alikaa kwenye benchi la nje na mikono kichwani. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilipokuuliza umeungua..." Akacheka na machozi yanatoka, nikamkataza asinichekeshe, mshono unauma. Alitaka mtoto aitwe Jana. Bi Sichana akasema kizazi chake hakina mtu wa jina la kalenda. Akaitwa Msabah, jina la babu yake Mahfoudh. Siku tuliyorudi nyumbani, Mahfoudh alikwenda kutoa boksi la vitambaa uvunguni, akaivuta chupa nyekundu, nzima. Ile chai ya Jumatano ilikuwa bado imo ndani. Aliipeleka uani akaimwaga, na ilichukua siku mbili harufu kutoka.

Ningeishia hapo, na nisingeandika. Ila mwezi uliopita, Msabah ana miezi mitano, alikuja mteja kupimwa gauni. Anaitwa Ulfat, kaolewa mtaa wa pili, mimba ya miezi minane. Nilikuwa nimemzungushia futi tumboni.

"Unajifungulia wapi, inshallah?" nikamuuliza.

"Hospitali, lakini siendi mapema ng'o. Hukusikia habari ya yule mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Wa hapahapa Jang'ombe. Fundi cherehani. Alifika saa tano, mzima, anatembea koridoni kwa miguu yake, saa saba kishapasuliwa. Daktari alikuwa na harusi."

Futi ikanitoka mkononi. Nilikuwa nimekaa miezi namwaza yule mwanamke asiye na jina, na kumbe ni mimi. Kila neno alilosema lilikuwa kweli, isipokuwa harusi, na hiyo niliitia mimi mwenyewe kwa kinywa changu. Saa tano nilifika. Nilikuwa natembea. Saa saba nilipasuliwa. Wamepunguza neno moja tu. Nikamfikiria na yule wa kwanza, wa saa mbili, aliyekuwa anacheka. Na yeye sijui wamempunguzia neno gani.

"Jina lake hukuambiwa?" nikamuuliza.

"Sikuambiwa."

"Zuleikha," nikasema. "Mke wa Mahfoudh, fundi wa vigae."

Akanitazama, akaitazama cherehani, akamtazama Msabah kwenye mkeka. "Yaani wewe ndo ulopasuliwa?" Nikamhadithia yote, na ile "jana" nikaitia mahali pake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mie kichwa changu hakishiki, na Bi Saadiya kila siku yuko kwangu. Niandikie."

Nimeandika. Haya ndiyo ya kuepuka:

Usiseme "saa tatu" peke yake. Sema ya leo au ya jana, ya asubuhi au ya usiku. Usipoulizwa siku, itaje.

Usimwambie mume "chupa imepasuka." Sema maji ya mtoto yametoka. Akikuuliza kama umeungua, hajaelewa.

Usingoje uchungu ikiwa maji yameshatoka.

Usinywe mdalasini wala dawa yoyote ya kuharakisha. Kama ulishakunywa, waambie kiasi gani, hata kama ni lita mbili.

Usijiambie harufu ni ya sabuni. Chukua kanga yenyewe, wakaione.

Usiogope kuuliza kwa nini wanataka kukupasua. Usitie saini kabla hujasoma, na kama husomi, omba usomewe.

Usinyamaze kwa sababu mmoja amekujibu vibaya mlangoni. Ndani yuko mwengine.

Usichukue habari ya mwanamke asiye na jina.

Usimfiche mama mkwe.

Usingoje ukutwe. Mimi nilikutwa kwa kanga sita kwenye kamba. Ingekuwa siku ya mvua, nisingezianika.